Mkoba Nyuma ya Kiti

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wajukuu. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kumtukana fundi aliyezijenga. Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Nakula nimesimama jikoni, na vyombo naviosha jirani akinisimamia.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Umenichana kweli kweli. Unasema siku ile mdogo wako anakata roho hospitali, mimi nilikuwa juu nachezea ndege yangu, na kwamba nisikubishie maana uliiona kwa macho yako ikipita juu ya nyumba yako. Unasema wewe uliyemlea tangu mama yenu alipofariki hukupewa hata nafasi ya kumwambia kwaheri, na hutanisamehe mpaka uingie kaburini. Dada, sikubishii. Ndege ilikuwa yangu na rubani nilikuwa mimi. Lakini kuna mambo huyajui, na nimekaa nayo kifuani mpaka yananikaba, kwa hiyo nivumilie uyasome yote.

Najua hukuwahi kuipenda ile ndege. Siku niliyoinunua ulimwuliza mdogo wako, nami nimekaa pale pale, kama alikosa mume wa kununua gari kama watu wengine. Na kweli, nani alishasikia mng'oa meno kajinunulia ndege? Tena ndege gani! Viti viwili tu, na mlango haufungi mpaka uubamize. Lakini wiki nzima mimi nachungulia vinywa vya watu, yeye yuko dukani anapima nafaka, basi Jumapili asubuhi ilikuwa yetu. Hatukuwa na safari. Tulipaa, tukazunguka, tukatazama mabati na mashamba ya watu, tukashuka, tukanywa chai na fundi kwenye banda la ndege. Tajiri wangu, ndivyo nilivyomwita kwa sababu ya lile duka, alicheka huko juu kuliko alivyowahi kucheka popote chini.

Sasa, ndege ndogo ina sharti moja: kila kinachopanda lazima kipimwe. Pale bandani tuna mizani ya kusimama, na kila Jumapili Tajiri alipanda na mkoba wake begani, kwa sababu ndege haijali uzito ni wa nyama au wa mkoba. Hapo ndipo nilipokuwa namtania. Mwaka jana alianza kukwepa chakula cha jioni, akasema anataka kupungua kidogo. Jumapili ikifika, mshale unasimama pale pale. Nikamwambia ale kwa amani tu, maana mizani imemkatalia. Alicheka, Dada. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi mpumbavu nikadhani ni mzaha wangu umenoga.

Baada ya muda nikaanza kuona ndege ina kasoro. Ikishapaa tu, pua inataka kuinuka yenyewe na mkia unakuwa mzito, nami nalazimika kuusukuma usukani mbele njia nzima. Kwa rubani hilo si jambo la kupuuza. Nikamwita fundi, akaufungua mkia, akakagua nyaya na bawaba moja moja, akasema ndege ni nzima kuliko mimi. Jumapili iliyofuata mkia ukazidi uzito. Nikamgombeza fundi wa watu, akaufungua tena. Hivyo ndivyo nilivyoipoteza ile miezi, Dada, nimejikunja ndani ya tumbo la ndege na tochi mdomoni, natafuta ugonjwa kwenye chuma, na mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki ananishikia bisibisi. Akaniuliza kama nimeona tatizo, nikasema bado.

Fundi ndiye aliyelifumbua. Siku moja tumeshashuka, akataka kumtolea Tajiri mkoba wake uliokuwa nyuma ya kiti. Akauvuta kwa mkono mmoja, haukuja. Akauvuta kwa nguvu, mkanda ukakatika, na mawe ya mizani yakamwagika sakafuni, yale yale ya chuma ambayo mdogo wako alipimia nafaka dukani. Nikamwuliza anabebaje vyuma kwenye ndege bila kuniambia. Aliinama kuyaokota. Nikamtazama vizuri, na ndipo nilipoona amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine. Nikamwomba apande mizani bila mkoba. Alikataa, akaangalia pembeni, mwisho akapanda. Nilipouona mshale ulivyoshuka, fundi aliniletea kiti.

Akatueleza yote pale pale bandani. Ugonjwa ulikuwa tumboni, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba umeenea, hakuna cha kukata. Kila alipoona nguo zimelegea aliongeza jiwe mkobani, ili mshale usishuke nikashtuka; uzito uliotoka mwilini mwake ukahamia nyuma ya kiti, na ndio uliokuwa ukiuvuta mkia chini. Alisema angeniambia, ningeiuza ndege siku hiyo hiyo, tukaanza kuhangaika hospitali hii na ile, na zile Jumapili alizobakiwa nazo zingeishia kwenye foleni. Nilikasirika. Nililia. Nilimwita mwongo mbele ya fundi. Yeye akaninyooshea kitambaa nijipanguse. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe wa kwangu aliumbuliwa na mkanda wa mkoba.

Utaniuliza kwa nini hapo sikukupigia simu. Nilimsihi, Dada. Nilimwambia huyu ni mama yako kwa malezi, utamfichaje? Akaniapisha. Alisema ulimfuta machozi utoto wake wote, ukaacha shule kwa ajili yake, na ukijua utahamia kwetu na kijiko mkononi umlishe kama kifaranga, naye hana nguvu ya kufa huku akiangalia unavyoumia. Alitaka umkumbuke akiwa mnene. Nikakubali. Kuna siku naona nilifanya vyema, na kuna siku namlaumu, marehemu wa watu, kwa kunitwisha mzigo huu kisha akaenda zake.

Jumapili ile unayonilaumia hakuweza tena kutembea. Fundi alimbeba kama mtoto mpaka kwenye kiti, na sikumpima. Daktari alishatuambia ni suala la siku tu. Mimi nilitaka tubaki nyumbani, lakini alishikilia kwamba anataka kukuona bila wewe kumwona. Basi nikakata njia hadi kwenu, nikashuka chini kadiri nilivyothubutu. Ulikuwa uani unaanika nguo. Ulipoinua macho ulishika shuka bichi ukaanza kutupungia. Mdogo wako akaweka kiganja kwenye kioo, akasema umezeeka, na kwamba mpaka leo hujajua kukamua shuka. Alikuwa anatabasamu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, Dada, na alikuwa anakusema wewe.

Hatujaumaliza hata mji wenu, kichwa chake kikaniangukia begani. Nikamwita, nikamtikisa, nikamshika shingoni. Hata daktari wa meno anajua mahali pa kushika. Mdogo wako hakufia hospitali. Hospitali waliandika tu kifo chake nilipomfikisha, na mimi nikawaacha watu waamini hivyo, kwa sababu sikuwa na mdomo wa kueleza.

Nilipaswa kurudi moja kwa moja. Rubani yeyote mwenye akili angerudi. Lakini nilipotazama nyuma niliona bado umesimama pale pale uani, na shuka lako mikononi, unaifuata ndege kwa macho. Nikageuza. Unakumbuka nilizunguka mara mbili, na kwenye barua yako unasema ile ya pili ilikuwa ya kukuringia. Mara ya kwanza, Dada, alikuwa amekuja kukuona yeye. Mara ya pili nilimleta mimi, ili na wewe umuage. Na ulimuaga. Ulipunga kwa mikono yote miwili mpaka shuka likakuponyoka, nami nilimshika asianguke upande, nikamwinamisha dirishani, mpaka tukakupita.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Ukibaki na hasira, niandikie tena, nitaisoma. Ukitaka kuja kunigombeza ana kwa ana, mlango uko wazi na chumba kitakuwa kimeshafagiliwa. Wabusu wajukuu kwa niaba yangu, na jirani yako wa duka la dawa mpe salamu. Jitunze, usipande ngazi na ndoo.

Ni mimi shemeji yako,
Mng'oa Meno