Kadi ya Nyakato

Nyumbani kwa binti yangu, Dodoma

Mdogo wangu Adela,

Shikamoo yako niliikuta ndani ya barua yako, na ninaiitikia: marahaba, mama. U mzima? Ule mguu uliokusumbua wakati wa palizi umepona? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Mimi sitakuficha. Maji yamejaa miguuni, pumzi ni fupi, na daktari sasa anaongea na binti yangu mlangoni badala ya kuongea na mimi. Leo ni siku ya tatu naandika barua hii moja.

Unakumbuka kompyuta ilipoletwa ofisini kwetu Kayanga. Shirika letu lilisomesha yatima, na mimi karani mkuu nilitunza kadi zao kwenye masanduku ya mbao, kila mtoto na kadi yake, kwa mwandiko wangu. Wafadhili wakasema kadi zimepitwa na wakati. Nilifurahi kuliko wote. Katika wazee wa ofisi ile, ni mimi peke yangu niliyejifunza mashine, nikajiona mtu mkubwa.

Tulipomaliza kuingiza majina, mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam, mama mmoja mpole, akachapa orodha ya waliojirudia. Kweli walikuwepo watoto walioandikishwa mara mbili, mara kwa jina la ubatizo, mara kwa jina la nyumbani. Mashine ilitafuta wenye baba mmoja, kijiji kimoja na siku moja ya kuzaliwa.

"Mzee, hawa wote ubakize mmoja mmoja," akasema.

Nikacheka. "Mama, wengine hapa ni mapacha. Kwetu ukisikia Kato au Nyakato, ujue kuna mwenzake aliyetangulia kutoka tumboni."

"Kumbe! Basi unayewajua ni wewe. Warudishe."

Nikawarudisha, jina baada ya jina, nikijisikia mwenye hekima, mpaka nilipofika kwa Nyangoma na Nyakato, watoto wa marehemu mdogo wangu uliokuwa ukiwalea.

Adela, hapo mkono wangu ulisimama. Wiki ile makarani tulikuwa tukichunguzwa kwa tuhuma za kuingiza ndugu zetu. Watoto wale walistahili; makaburi ya baba na mama yao yako mgombani kwako. Lakini sikuwa nimemwambia mtu ofisini kwamba ni damu yangu. Niliona mmoja atapita kimya kimya, ila wawili wa nyumba moja wataleta maswali. Nikamwacha Nyakato afutwe. Mashine iliuliza tu. Aliyejibu ni mimi.

Siku ya kuchoma kadi za zamani nyuma ya ofisi, kadi yake niliitia motoni kwanza, kabla ya nyingine zote, ili mtu asije akaiona.

Kisha ukaja naye, umemshika mkono.

"Kaka, mbona mwenzake ameitwa, huyu hajaitwa?"

"Mashine imemkataa," nikakujibu mbele ya watu, bila hata kukupa kiti.

"Imemkataa? Imeonana naye wapi?"

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Nami kwa hasira ya kuchekwa nikasema, "Wamechukua mwenye akili zaidi. Usinisumbue kazini."

"Hawa wamekula sahani moja tangu wazaliwe," ukasema. "Sasa nirudi nyumbani nimpakulie nani, nimnyime nani?"

Nyakato hakulia. Alinitazama, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, baba mkubwa."

Akili! Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha mwenzake hesabu, nawe ulinieleza hayo mwenyewe. Lakini aliliamini neno langu, akaamini pia kwamba Nyangoma alijipendekeza kwangu ili achaguliwe peke yake. Nyangoma leo ni mwalimu. Nyakato anachuma kahawa ya watu huko Kyerwa. Aliposhindwa kuja kwenye harusi ya pacha wake, uliniandikia kwamba bibi harusi alilia mpaka shela ikalowa. Nikakujibu kwamba watoto wa siku hizi wana wivu. Niliandika hivyo, mimi, na kalamu haikuniponyoka.

Mchungaji alipokuja hapa kitandani nilimtajia dhambi zangu nyingine. Hii niliibakiza, kwa sababu si yeye niliyemkosea. Kukuomba msamaha kwa barua naona ni urahisi mno, tena ungenipa, nakujua.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu aliyebaki, umwambie jina lake bado nalitaja. Wasalimie wajukuu wako, na yule jirani mzee wa kanisa aliyenishika mkono siku naondoka.

Barua hii usimwonyeshe Nyangoma kwanza, ingawa yuko karibu nawe. Panda gari hapo Omurushaka uende Kyerwa, umkabidhi Nyakato mkononi, kisha utoke nje umwache asome. Akimaliza, usimsemeshe mpaka aseme mwenyewe. Yeye ndiye ataamua kama pacha wake aione. Nawe usikubali wazee wa ukoo wamwingilie katika la pili: wanangu nimekwisha kuwaambia kwamba yeye ndiye atakayesema kama mwili wangu uletwe kuzikwa mgombani, karibu na baba yake, au nibaki huku Dodoma. Akikataa, msinililie hapo nyumbani.

Kaka yako,
Zakaria