Malkia wa Shairi na Mke wa Mtemi

Mpendwa Baba Neema,

Leo nimefundisha kile kipindi chetu peke yangu, kidato cha nne, shairi na tamthilia kwa pamoja. Tangu tukuzike sikuwa nimethubutu. Nilipotoka darasani nikaona nikuandikie, maana sina mwingine wa kunibishia vizuri kama wewe.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa Ifakara? Wewe ulifundisha ushairi, mimi tamthilia, sote wageni kazini, sote tukijifanya tunajua. Wanafunzi ndio waliotuomba tuingie darasani pamoja, tuwalinganishie mapenzi na madaraka katika kazi mbili za mtihani. Ulisimama na shati lako jeupe lenye matope ya baiskeli mgongoni, ukalisoma lile shairi kwa sauti iliyowafanya wasichana wajifiche nyuma ya madaftari wakicheka. Mshairi anamwita mpenzi wake malkia, yeye mwenyewe mtumwa.

"Mnaona?" ukawaambia. "Hapa mwenye nguvu ni mwanamke. Kwenye tamthilia ya Mwalimu mwenzangu hapa, mtemi anaamuru na mkewe anakufa. Hana lolote."

Nikanyanyuka. "Mwalimu, huyo malkia wako amesema nini?"

"Amesema wapi?"

"Popote. Nitajie neno moja lililotoka kinywani mwake."

Ukafunua ukurasa, ukarudi nyuma, ukafunua tena. Malkia yule alikuwa na macho, shingo na mwendo, basi. Mke wa mtemi aliamriwa atoe ushahidi wa uongo dhidi ya kaka yake, akakataa mbele ya baraza zima. Aliuawa, ndiyo. Lakini mumewe alilazimika kumsikia, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwamini tena mtemi yule. Darasa lilipiga madawati. Ukacheka, ukasema, "Leo nimeshindwa kwenye somo langu mwenyewe."

Nilidhani umeelewa. Kumbe kuelewa darasani ni kitu kingine. Tulipokuwa tumeshapendana, baba yako mdogo alifika kwetu Namawala na wazee kutoka Mahenge kuleta posa. Nilikuwa jikoni, nikisikia kila neno. Walikubaliana siku ya ndoa na kanisa, na kwamba nitaacha kazi nikaishi kwenu kumtunza mama yako. Wewe ulikaa pembeni umeinamisha kichwa, kijana mwenye adabu zake. Mimi sikuitwa.

Nilikupenda, Baba Neema. Ndiyo maana nilitetemeka. Nilijua nikinyamaza siku ile, nitanyamaza maisha yangu yote. Nikaingia, nikapiga goti.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba kusema. Mimi sijaulizwa."

Baba yako mdogo akamgeukia baba yangu. "Ndivyo mlivyomfunza binti yenu?"

Ndipo uliposimama. "Baba mdogo, nisamehe. Nimemsifia sana huyu, lakini sikuwahi kumwuliza." Ukanigeukia mbele yao wote. "Unasemaje?"

Nikasema nakutaka. Nikasema sitaacha kufundisha, na nafasi ya kwenda chuo ikitokea nitakwenda. Mama yako akipenda, aje tukae naye Ifakara. Ukasema, "Nimekubali." Baba yako mdogo alikwenda zake kwa hasira, na harusini hakuonekana.

Watu walisema, wakachoka, na mama yako akaja kukaa nasi. Nilipokwenda chuo, ulibaki nyumbani kwetu Lumemo, hapa Ifakara, na binti yetu Neema, wakati huo ametoka tu kuachishwa ziwa. Ulimpeleka kliniki umembeba mwenyewe, ukamkorogea uji. Wanaume wenzako wakakuuliza kama siku hizi wewe ndiye uliyeolewa. "Ndiyo," ukawajibu, "tena nimeolewa vizuri." Mama yako alinisimulia huku akifuta machozi ya kucheka.

Usidhani nakupamba kwa sababu umelala. Ulikuwa mnunaji. Mara ile ulipoomba uhamisho kwenda shule ya kwenye mashamba ya miwa bila kuniambia, tulivutana wiki nzima. Lakini tulivutana kwa maneno, na mwisho ulilifuta ombi lile mwenyewe. Hatukuwa shairi, wala hatukuwa tanzia. Nadhani tulikuwa watu wawili wanaosikilizana kwa shida.

Sasa nikwambie yaliyotokea baada ya arobaini yako. Wazee walikuja tena, baba yako mdogo akiwaongoza. Walikwisha kuamua: Neema apelekwe Mahenge, nyumba apewe mdogo wako, mimi nirudi kwetu. Niliwaacha wamalize. Safari hii sikutetemeka.

"Wazee wangu, nyumba hii tuliijenga wawili," nikasema. "Neema anasoma hapa na atalala hapa. Nami sirudi kokote."

Baba yako mdogo akamgeukia mama yako, yule ambaye maisha yake yote hakuwahi kufungua mdomo mbele ya shemeji zake. "Shemeji, twende nyumbani basi. Hawa tutawasemesha siku nyingine."

Mama yako akaivuta kanga yake begani, akamtazama usoni.

"Na mimi sihami," akasema.

Waliondoka, mume wangu. Tupo hapa, wanawake watatu, na nyumba ina makelele. Pumzika bila wasiwasi wowote juu yetu.

Mkeo,
Mama Neema