Vijiti vya Mtini wa Mama

Jumatatu, 4 Machi
Tingatinga la kupanua barabara limepita leo. Mtini wa mama — dakika mbili tu, chini! Baba alikuwa kibarazani. Haoni, lakini aliusikia ukianguka. Akauliza, "Ndio wenyewe huo?" Nikasema ndio. Akavua kofia, kama siku tuliyomzika mama.
Nimekata vijiti vinane kwa mkasi wangu wa vitambaa. Fundi cherehani gani anaharibu mkasi wake? Basi.

Jumanne, 5 Machi
Muuza miche kanifundisha. Nivichomeke kwenye makopo ya mchanga na mboji, kisha nivifunike kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Vikikosa unyevu vinakauka, vikilowa mno vinaoza. Kila asubuhi nifungue nusu saa vipate hewa. Kumbe kulea vijiti ni kulea mtoto njiti!
Nimevipanga dirishani, chumba cha kushonea. Navinyunyizia kwa ile chupa ya kupigia pasi.

Jumatano, 27 Machi
Vitano vimeoza. Ukungu mweupe. Mfuko ulikuwa ukitona maji, nami nikadhani ndiyo raha yao. Nimevitupa kimyakimya. Kila asubuhi Baba anauliza, "Watoto wameamkaje?" Nasema salama.

Alhamisi, 4 Aprili
Kimoja kimechipua! Majani mawili! Nilivyopiga kelele, mteja akajichoma pini. Baba akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu mama aondoke. Akataka kugusa, nikamwomba asubiri, kisije kikapigwa na upepo. Akampigia simu kitindamimba wetu, huko mbali anakofanya kazi: mtini wa mama yenu umefufuka!

Ijumaa, 12 Aprili
Majani yamelala. Nimekichomoa polepole — hakuna mzizi hata mmoja. Muuza miche anasema ndivyo vilivyo: kijiti hula akiba yake mwenyewe, kinatoa majani, kinadanganya watu. Viwili vilivyobaki ni kuni tu.
Baba leo kala vizuri, kaomba hata kuongezewa. Nianzie wapi kumwambia?

Jumamosi, 13 Aprili
Nimenunua mche. Mtini, ndiyo, lakini wa watu. Nimeuhamishia kwenye kopo letu. Mungu anisamehe.
Nikampakatisha Baba. Akashika jani, akaanza kuhesabu pembe zake, moja moja, kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Majani ya mama yalikuwa na vidole vitatu. Sikukumbuka mpaka alipofika cha nne. Cha tano! Fundi mzima, na sikupima.
Akaliachia jani. Halafu: "Umekua, maskini." Akanirudishia kopo.
Hajui. Au?

Jumanne, 16 Aprili
Umeme umekatika, cherehani kimya. Ndiyo maana nimesikia. Baba yuko kibarazani, anaongea na kitindamimba kwenye simu, sauti juu kama kawaida yake. Anamwambia mtini wa mama ulishakufa, huu ni mgeni. Kaujua kwa jani la kwanza.
"Lakini dada yako usimwambie. Anauamkia kila siku, anauimbia kabisa. Ukimwambia, atabaki na nini?"
Mimi! Nilidhani namlea yeye.
Kitindamimba nadhani amemuuliza, na wewe je, Baba? Maana Baba alisema, "Mimi nimeshazoea kutoona."
Simu imekatwa. Naandika hapahapa, juu ya suruali ya mteja. Ananiita. "Mwanangu! Mtoto wetu kanyweshwa leo?"
Ameita tena. Bado sijaitika —