Pedi Nilizochagua Bila Ruhusa Yako

Baba, shikamoo.

Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nikianza bila salamu utasema hukunilea hivyo. Arobaini yako imepita. Niko gereji, hapa Kilosa, na nina jambo ambalo ni heri ulisikie kwangu. Kile kigari chekundu cha viti viwili, alichokuachia meneja wa shamba la mkonge alipoondoka nchini, nimekibadilisha pedi za breki. Sikuweka zako.

Usininunie. Nakumbuka miaka ile ya foleni, dukani hakuna hata balbu, wewe ukachukua breki chakavu za malori, ukazikata kwa msumeno, ukazigandisha kwenye mabati ya pedi na kuzisugua mpaka zikae. Watu walicheka kigari kikipita. "Wacheke, mimi natembea," ulisema. Nilikuwa nakushikia bati ukikata, vumbi likitujaa puani. Kisha kikaja kile kikohozi. Daktari aliniuliza ulikuwa ukivuta vumbi gani miaka yote hiyo. Nilijua jibu, Baba. Nilishindwa tu kulitamka.

Baada ya arobaini, Baba Mdogo Hamisi alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Pedi zako zilikuwa zimekwisha, kigari kimelala. "Gereji si kazi ya mwanamke," akasema, "na gari lisilosimama ni jeneza." Nikamwambia, "Nipe wiki moja. Nitakishusha mlima wa Mamboya, na wewe utakaa kando yangu. Kisiposhika breki, kichukue." Alidhani sitathubutu.

Nikadandia lori hadi Mikumi. Huwezi kuitambua Mikumi ya sasa. Tangu ruksa ya biashara ianze, kando ya barabara kuu ni maduka ya spea tu, maboksi ya kila rangi, kama vile ile miaka yetu ya kukosa haikuwapo. Mwenye duka mmoja alinitolea pedi za aina mbili zenye umbo la kukaribia zako. Za kwanza zilikuwa ngumu, zinang'aa. "Hizi, dada, hazijui kuisha." Nikazikwaruza kwa ukucha, hazikuacha hata alama. Pedi ngumu namna ile itaila diski, na diski za kigari chako sijui tutazipata wapi. Tena ikiwa baridi haishiki, mpaka ipate moto. Mimi sishindani mbio na mtu, nashuka mlima wenye watoto na mifugo. Za pili zilikuwa laini, nyeusi, ukucha ukazama kidogo. Nikazichukua hizo.

"Hizo zitaisha upesi," akanionya.

"Bora ziishe hizo kuliko niishe mimi."

Akacheka, akanifungia.

Siku ya kupanda Mamboya, Baba Mdogo alikaa magoti yakimgusa kidevu. Wakati wa kushuka, kwenye kona ya tatu, tukakuta ng'ombe wamejaa njia nzima, na mzee mfugaji katikati yao ametugeuzia mgongo. Breki zako nilizoea kuzikanyaga mara tatu ndipo zishike. Safari hii nilikanyaga mara moja tu. Kigari kikasimama, pua yake hatua mbili kutoka kwa dume jeupe. Mzee akageuka, akakitazama kwa utulivu, akauliza, "Hiki nacho mnakifugia wapi?"

Baba Mdogo alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukatika. Akalia kama mtoto, pale pale kitini, ng'ombe wakitupita. Ndipo nilipojua kwamba tangu tukuzike alikuwa hajakulilia. Nikazima injini, nikamngoja. Mnunuzi aliporudi, Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyemwambia aende zake.

Usidhani yamekwisha. Wateja bado wanaingia gereji na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Unamwona." Wengine hugeuza. Na wageuze.

Sikukutii, Baba, na sikuombi radhi. Mikono hii ni yako, wewe ndiye uliyeifundisha, lakini mapafu ni yangu. Sitakata tena breki za malori kwa msumeno, hata kama maduka yote ya Mikumi yatafungwa kesho. Ungekuwa hai tungegombana wiki nzima, na nakuapia ningeshinda. Laiti ungekuwepo unishinde wewe.

Ijumaa nitakuja kaburini kwako Chanzuru kung'oa majani. Nitakuja nikiendesha mwenyewe, mchana kweupe, nikipita katikati ya kijiji. Wanaosema mwanamke haendi makaburini watanikuta huko huko, waniambie usoni.

Pumzika, Baba. Kazi ninayo mimi.

Mwanao,
Fundi Mwajuma