Dawa ya Kwapa Isiyomuumiza Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Maji ya mfereji yamekuja. Tumejaza mitungi, kisha tukarudia kazi yetu ya wiki nzima: kusoma vibandiko vya dawa za kwapa. Mjukuu wangu Nekesa ameapa kutonunua tena dawa ya kwapa iliyojaribiwa kwa wanyama, wala iliyotiwa kwenye plastiki. Hapa Kitengela tumeyamaliza maduka. Dawa moja ina picha ya sungura, alama ya kutojaribiwa kwa wanyama, lakini chupa ni plastiki. Nyingine imeandikwa "asilia", neno lisilomfunga mtu. Hata sumu ya nyoka ni ya asili. Iliyo safi kwa kila hali huletwa na ndege kutoka ng'ambo.

Nimemweleza kwamba jasho lenyewe halinuki. Vijidudu vya ngozi hulila, na mabaki yao ndiyo kikwapa. Alisikiliza hadi mwisho. Nimestaafu kufundisha kemia, ila bado napenda kusikilizwa.

Alhamisi ya wiki ijayo ana mahojiano ya kazi Kajiado, ofisi za kaunti. Ameingoja nafasi hii miaka miwili.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtengenezea mwenyewe. Mafuta ya nazi, unga wa muhogo, soda ya kuokea. Soda ilikuwa imeisha. Nikachukua magadi ninayolainishia mboga za kienyeji. Nilijipa hoja nzuri: yanachimbwa humu humu Kajiado, hayakupanda ndege. Nikayasaga kinuni, nikayachekecha. Sikumwambia. Alinikumbatia.

Ijumaa, 7 Machi
Makwapa yake yamewaka. Mekundu, yanachubuka. Anatembea mikono imeachana na mwili kama kuku aliyenyeshewa. Aliniuliza ni nini. Nikasema labda ni nazi.

Nilijua. Ngozi ina asidi kidogo, na magadi ni makali kuliko soda ya kuokea. Nimewafundisha watoto wa kidato cha pili jambo hili. Nimemdanganya mtoto. Sina neno zuri zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Kliniki. Mwuguzi ameandika kwenye kitabu cha Nekesa kwamba mafuta ya nazi yanamdhuru, asiyatumie tena. Uongo wangu sasa una muhuri.

Alasiri jirani yetu Mama Seleina, Mmaasai wa umri wangu, alikuja kutupa pole. Aliona kinu jikoni, akachovya kidole katika unga uliobaki, akakilamba, akanitazama.

"Mwalimu, hii si ya mboga? Umempika mtoto?"

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha.

"Mwambie. Akisikia kwangu, itakuwa mbaya."

Kabla ya kuondoka alinieleza kuhusu leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia. Vijana wao waliyaweka kwapani tangu zamani. Akaonya tusikate tawi. Wachoma makaa wamekwisha kukimaliza. Nimewaza sana juu ya hilo. Kitu kuwa cha kwetu hakukifanyi kiwe cha haki.

Jumapili, 9 Machi
Nilimwambia tulipotoka kanisani. Yote: magadi, kimya changu, nazi.

Alisimama, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Kukhu, tulikataa dawa zilizojaribiwa kwa sungura. Ukaijaribu yako kwangu. Na sungura angalau hawaambiwi ni nazi."

Nilikuwa na maelezo tele, nikayameza. Hii ndiyo mara ya kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi kliniki peke yangu wafute maandishi yale. Mwuguzi akauliza nimefanya kazi gani maishani. Nikamwambia: mwalimu wa kemia. Akainamia kitabu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilistahili.

Jumatano, 12 Machi
Nekesa anasema hatakwenda Kajiado. Koti linamkwaruza, mikono haishuki. Ananijibu ndiyo na hapana tu. Akiikosa kazi hii, ni mimi. Si bahati, si soko la ajira. Mimi.

Nimekata mikono ya gauni langu la kitenge, lile la sherehe ya kustaafu, nikalipanua kwapani. Nimeliacha kitandani mwake.

Alhamisi, 13 Machi
Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Amevaa gauni. Kwapani hana chochote isipokuwa maji na sabuni.

Amerudi saa tisa. Wamesema watampigia. Alinihadithia kwamba chumba kilikuwa na joto, wote watatu waliomhoji walikuwa wakitoka jasho, na hakuna aliyekufa. Sentensi tatu kamili. Nimezihesabu.

Jumamosi, 15 Machi
Hawajapiga simu. Manyunyu tangu alfajiri.

Nekesa alikwenda na Mama Seleina kuchuma leleshwa, jani moja moja, kiasi cha kiganja. Ameyaloweka kwenye mafuta ya nazi, ndani ya chupa ya jemu. Nilikaa kando. Aliponiuliza muda wa kuyaacha, nikasema sijui. Kweli sijui.

Kisha akaja na kijiko cha mafuta hayo.

"Kukhu, lete mkono."

Amenipaka ndani ya kiwiko. Tumeketi kibarazani kungoja, saa yake ikiwa mezani kati yetu. Mpaka sasa hakuna mwasho.