Kelele Nyuma ya Sauti Yako

Uholanzi, Jumatatu

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanichapa. Hali yako siulizi, nitaisema mwenyewe huko mbele. Dada Anjela akusomee taratibu kwenye simu yake.

Umeniuliza mara nyingi nasomea nini hasa. Ni hivi. Ndani ya kipande cha almasi, kidogo kuliko punje ya ulezi, mna visumaku vidogo mno. Kimoja tunaweza kukisoma kwa mwanga wa leza. Vingine vilivyokizunguka hatuvioni, ila vinasukumana na kukitikisa mpaka kinasahau tulivyokipanga. Hiyo tunaiita kelele. Mwaka mzima nilihangaika kuiondoa, mpaka profesa akaanza kuniangalia kama mtu wa kurudishwa kwao.

Siku moja nikakumbuka zamu yetu ya maji. Ulikuwa unasimama kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, hupandi huko juu kuchungulia, unatazama tope tu linavyoshuka na maji, kisha unasema: "Mama Aika huko juu kafungua maji. Na jirani yake anamsubiri afunge ndipo afungue. Hao wamepatana." Nilidhani unabahatisha, kumbe! Basi nikaacha kusafisha, nikapima kisumaku kinavyosahau: upesi au polepole, mfululizo au kwa vipindi. Humo ndimo inamojulikana kama vile vingine kila kimoja kinahangaika kivyake au vimeshikana. Profesa akavisoma vipimo vyangu, akasema nibaki. Nilifurahi, Baba, nikacheka peke yangu barabarani.

Shida ni kwamba sasa nasikiliza kelele kila mahali.

Jumapili tatu mfululizo umeniambia kwenye simu, "Nipo kihambani, namkatia ng'ombe migomba." Nyuma yako sisikii ng'ombe, sisikii panga, wala Mama akifukuza kuku. Nasikia magurudumu sakafuni, na jana mwanamke akisema, "Mzee, geuka kidogo nikuchome sindano." Ukakohoa ili nisimsikie. Baba jamani! Umelazwa. Naogopa, na nimekasirika pia.

Anjela asifokewe, hakuniambia kitu. Msalimie Mama, mtori anaokuletea wodini anibakizie kidogo. Shangazi wa Rau, ambaye bila shaka naye alijua, mpe salamu zake.

Profesa nimeshamuaga. Nafika Jumamosi. Usije ukatoroka wodini ili nikukute kihambani umeshika panga. Lala hapo hapo, shikamoo nitakuamkia kitandani.

Mwanao uliyemfundisha kusoma tope,
Manka