Hema la Milango Miwili

Iringa,
4 Novemba 1956

Kwa Baba Mkwe, Mzee Asukile,

Kamwene, Baba. Ni mimi Lea, mke wa mwanao Isakwisa, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Hapa hatujambo, kuku wanataga, na kifua cha Isakwisa kimetulia. Je, goti lako? Na jino la mama mkwe wangu, Mama Ikupa, lilishang'olewa au bado anabishana nalo?

Baba, naandika nikiogopa. Sisi Wahehe na ninyi Wanyakyusa mambo yetu hayafanani. Mila yenu inasema mke wa mwana asionane na baba mkwe, wala wasikae chini ya paa moja. Nimeitii. Huu ni mwaka wa pili na sijauona uso wako. Ulipokuja kututembelea nilijificha jikoni kwa jirani yangu Verediana siku tatu, nikatoka ninanuka moshi hadi kwenye nywele. Lakini nimewaza, barua haina uso. Kama nimekosea, itie motoni na tusahau.

Shida yangu ni hii. Mwezi wa kwanza Isakwisa anaanza tena safari ya kuchanja watu ndui, kuanzia Uporoto hadi Rungwe na milima ya nyuma yake, miezi minane. Mwaka jana alikwenda peke yake, akaugua homa ya mapafu kwenye nyumba ya nyasi isiyo na mlango, akarudi amekonda hata nguo zake zikamkataa. Nami huku nilikaa peke yangu miezi minane nikiongea na kuku. Sitaki tena, Baba. Safari hii wachanjaji wanaruhusiwa kwenda na wake zao, mradi wawe na hema lao wenyewe, maana la serikali ni la dawa. Isakwisa anasema, "Baba akikubali, twende." Basi naomba ukubali.

Nisalimie Mama sana.

Mkweo,
Lea


Mbalizi,
13 Novemba 1956

Mkwe wangu Lea,

Ndaga. Sisi wazima. Goti linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Jino limetoka, Mama Ikupa amelifunga kwenye kitambaa anawaonyesha wageni.

Barua yako ilipofika niligeukia ukutani kwa mazoea, mama yako mkwe akacheka hadi akakaa chini. Nimefikiri sana. Wazee walipoweka mwiko huu posta haikuwapo, kwa hiyo hawakuikataza. Andika tu.

Ila jibu langu ni hapana. Mimi nimebeba na kusimamisha mahema ya wachimba dhahabu kule Lupa miaka tisa. Nimeona hema likiruka kama kanga wa porini, mwenyewe akilikimbiza na chupi tu mwilini. Na Lupa ni joto! Uporoto mwezi wa tatu kuna upepo, ukungu, mvua ya mawe. Isakwisa atakuwa vijijini na sindano zake, nawe utabaki mlimani na kitambaa. Ukiugua wewe, nitawaambia nini wazazi wako?

Ukitaka nibadili neno, niambie kwanza utalala ndani ya nini.

Baba mkwe wako,
Asukile


Iringa,
25 Novemba 1956

Baba Mkwe,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umekaa kitako, goti limenyooka, maana habari ni ndefu. Sisi tuko salama.

Nimekwenda dukani na Verediana. Kuna mahema matatu. La kwanza jeupe, refu, nguzo moja katikati, pindo jekundu. Jamani, Baba! Nilipoingia ndani nilijiona mke wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. La pili la kitambaa cha marekani kilichotiwa rangi ya kijani, jepesi, nalibeba kichwani huku naimba. La tatu ni la jeshi, lilibaki baada ya vita. Turubai nene, nguzo mbili za kuunganisha, mlango mbele na mlango nyuma, na juu lina paa la pili linalotandazwa peke yake. Linanuka nta na mbuzi. Lina doa ambalo sikutaka kuuliza ni la nini.

Nimependa lile jeupe. Mwenye duka ameniwekea kando. Sema ndiyo, Baba, nilichukue.

Mkweo mwenye furaha,
Lea


Mbalizi,
3 Desemba 1956

Mkwe wangu,

Hatujambo. Nadhani nanyi hamjambo, ingawa kwa barua yako wewe akili imepata homa kidogo.

Pindo jekundu! Unakwenda harusini? Lile jeupe linataka wanaume wanne na siku isiyo na upepo. Wapagazi wakishatua mizigo wanakwenda zao, utabaki wewe. Lile la kijani mvua itapita ndani kama inapita kwenye chujio la togwa.

Fanya hivi. Muombe mwenye duka akukopeshe mahema yote uyajaribu uani. Bandika sufuria ya chai, kisha simamisha hema peke yako, bila Verediana. Chai ikichemka kabla hujamaliza, hema hilo si lako. Halafu Verediana apande kwenye kinu akumwagie madebe sita ya maji, wewe ukiwa ndani. Usiguse kitambaa kwa ndani, ukigusa patavuja hapo hapo. Na kamba za katani zikilowa hufupika, zinang'oa vigingi. Mvua ikianza, toka uzilegeze. Wazungu wa Lupa niliwaambia hili miaka tisa, hawakusikia.

Ukishindwa, baki Iringa na kuku wako, wala usininunie.

Baba mkwe wako,
Asukile


Iringa,
19 Desemba 1956

Baba Mkwe,

Shikamoo, kwa unyenyekevu wote. Tuko wazima, isipokuwa sufuria yangu moja.

Lile jeupe: nguzo ilinipiga kichwani, kitambaa kikanifunika, nikazunguka humo ndani nikiita "Verediana!" naye akasema Mzee amekataza asisaidie. Nilipotoka chai ilikuwa imekauka na sufuria imetoboka. Majirani walikuja na viti vyao kutazama.

La kijani lilisimama upesi, chai haijafanya hata povu. Nikashangilia. Debe la kwanza sawa. Debe la pili nikaanza kulowa. La tatu, Baba, ilikuwa afadhali ningekaa nje.

La jeshi siku ya kwanza lilinishinda. Siku ya pili chai ilichemka nikiwa kwenye kigingi cha mwisho. Nikajifunza kuunganisha nguzo kwanza, kupigilia pembe nne hema likiwa bado limelala chini, kisha kuingia ndani na kuliinua kutoka katikati. Siku ya tano nilimaliza, nikakunja mikono, nikasubiri chai. Madebe sita, Baba. Verediana akaongeza mawili kwa uadui wake. Nilikuwa mkavu kama unga! Nilicheka peke yangu humo ndani kwa furaha.

Nimeacha pindo jekundu. Nanuka mbuzi. Je, niende na mume wangu?

Mkweo,
Lea


Mbalizi,
28 Desemba 1956

Mkwe wangu Lea,

Krismasi ilikuwa njema, tulichinja, kanisa lilijaa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na Mama Ikupa amewasomea wanakwaya wote, usishangae ukikuta unajulikana.

Nendeni. Lakini sikiliza, Lea, hapa sifanyi mzaha. Hema hilo likianguka mara moja tu kwenye dhoruba, au ukiugua, safari yako imekwisha. Utashuka Mbalizi ukae na mama yako mkwe mpaka Isakwisa amalize. Nimemwandikia naye hivyo hivyo, ameahidi.

Mungu awatangulie.

Baba mkwe wako,
Asukile


Uporoto,
10 Machi 1957

Baba Mkwe,

Sijui hata nianze vipi kukuamkia. Natumaini ulifika nyumbani salama na hukupata baridi. Sisi ni wazima. Isakwisa hajakohoa hata siku moja tangu tuanze, na amenenepa, ingawa wewe hukumwona maana alikuwa kijiji cha pili.

Nitasema yote, kwa sababu najua ulichokiona wewe ni nusu.

Jumanne ile ulipokuja nilikuwa ndani, birika liko motoni kwenye kibaraza cha hema. Nikasikia mtu anakohoa njiani mara tatu. Nikajua papo hapo ni kikohozi cha baba mkwe, cha kunionya nijifiche. Nikajifunika kanga kichwani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama nimekupa mgongo ili wewe uingie. Nawe, kumbe, uliposikia natoka ukakataa kumfukuza mwenye nyumba, ukasimama mbele umegeuka. Ndipo mvua ya mawe ikaanza!

Loo, Baba! Mimi nyuma, wewe mbele, mawe yanatupiga vichwani, na katikati yetu hema kavu halina mtu. Nikakusikia unapaza sauti, "Wewe birika! Mwambie mwenye nyumba aingie!" Nami nikajibu, "Birika, mwambie mgeni aingie yeye kwanza, ana goti!" Ukasema, "Birika, mwambie goti halimhusu!" Nilitamani kucheka.

Sasa kosa langu. Kwa kusimama pale nimegeuka sikulegeza kamba. Zikalowa, zikavuta, kigingi cha mbele kikang'oka, hema likainama. Nikasikia umeshika nguzo unaguna. Nikajua likianguka nimekwisha, nashushwa Mbalizi, na mume wangu anabaki peke yake tena. Sikufikiria mila, Baba. Nilikimbia mbele, nikaokota jiwe, nikapigilia kigingi, nikalegeza kamba zote. Nilipoinua kichwa uso wako ulikuwa hapo, karibu kama karatasi hii. Maji yanashuka kwenye ndevu. Una pengo la jino la mbele, nami sikulijua.

Nilikimbilia kwenye migomba nikakaa huko. Niliporudi nikakuta kapu la ndizi tu, wewe umeshaondoka bila neno.

Nimevunja mwiko wenu. Isakwisa anasema tusubiri barua yako. Hema halikuanguka, lakini kama unasema niliaibisha ukoo, nitashuka. Nakuomba tu usinishushe. Nina furaha hapa kuliko mahali popote nilipowahi kuishi.

Nisamehe.

Mkweo,
Lea


Uporoto,
2 Aprili 1957

Baba Mkwe,

Je, mnaendeleaje huko? Sisi bado wazima. Lori la posta limepita mara mbili na hakuna barua yako. Nimefunga nguo zangu kwenye sanduku, ziko tayari. Kesho tunahamia Rungwe, na sijui kama nami nahamia.

Tafadhali andika, hata kama ni kunikaripia.

Lea


Mbalizi,
21 Aprili 1957, Pasaka

Mwanangu Lea,

Bwana amefufuka! Nami pia nimefufuka kidogo, maana ile mvua ya mawe ilinilaza wiki tano na kifua. Usijilaumu. Mama Ikupa amenikaripia kwa niaba ya watu wote, akasema nimekaa miaka tisa Lupa nikiwafundisha Wazungu kujificha mvua, kisha nikasimama nje ya hema kavu nikiongea na birika. Amewaeleza wanakwaya.

Fungua sanduku lako. Huendi popote ila na mumeo.

Sasa nami niseme kosa langu, maana wewe umesema lako kwa ujasiri. Uliandika kwamba uliinua kichwa ukaniona. Mwanangu, mimi nilikuwa nakutazama tangu zamani. Ulipotoka mbio na lile jiwe ningeweza kufumba macho au kugeukia mlima. Sikugeuka. Nilitazama unavyopigilia kigingi, unavyolegeza kamba moja baada ya nyingine katika mawe yale, bila kuruka hata moja. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyemrudishia mwanangu mwili wake, nami namkimbia kama mkosaji. Ndiyo maana niliondoka bila neno. Sikuwa na hasira. Nililia, na mzee wa kanisa kama mimi halii mbele ya birika la mkwe wake.

Nimekwenda kwa mchungaji, nimekwenda pia kwa kaka zangu. Mchungaji alifurahi. Kaka zangu walininunia siku mbili, kisha wakaniambia mwiko ni wangu na wako, tukikubaliana wao hawatasema neno. Mimi nakubali. Wewe utajibu upendavyo, na ukisema bado, nitaheshimu.

Ila kuna jambo la chini ya paa moja. Hilo bado ni gumu kwangu, mimi ni mzee. Basi nataka hema langu mwenyewe. Mwezi wa sita nitapanda Rungwe kukaa nanyi wiki mbili, nilale hatua kumi kutoka kwenu. Nichagulie wewe, siku hizi unajua kuliko mimi. Liwe jepesi kusimamisha, maana goti haliinami, kwa hiyo itabidi ulisimamishe wewe.

Mimi nitaleta kiti nikae nikutazame. Safari hii sigeuki.

Baba yako,
Asukile